Tsavoraiti, Kijani Kisichopashwa Moto

Mtu asimamaye katika majaruba ya mpunga ya Chekereni, kusini ya mji wa Moshi, akaupa mgongo mlima wa Kilimanjaro, huwa baina ya nchi mbili za johari moja: kuumeni kwake vilima vya Mererani na nyika ya Simanjiro, na kushotoni, ng'ambo ya mpaka, nchi ya Taita na Taveta. Johari hiyo ni tsavoraiti, yaani garneti ya kijani, na ajabu yake ya kwanza ni kwamba mlima huo mkuu haukushiriki hata kidogo katika kuizaa. Volkeno iliyoujenga mlima haijatimiza miaka milioni 3, ilhali miamba iliyokihifadhi kito hiki iliivishwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Basi anayefukua jaruba kwa tamaa ya vito ajitaabisha bure.

Garneti aghalabu ni nyekundu. Hii ya kijani hupata rangi yake kwa vanadi na kromi, chembe haba mno, ambazo wataalamu wanaona zilitoka katika matope ya bahari ya kale yaliyojaa mabaki ya viumbe. Na mabaki yenyewe, baada ya kushindiliwa na kuunguzwa kwa dahari nyingi, yaligeuka kuwa kinywe, ule weusi uwapakao wanaapolo, yaani wachimbaji wadogo wa Mererani, kutoka unyayo hadi utosi.

Campbell Bridges, mjuzi wa miamba aliyezaliwa Uskochi, aliigundua tsavoraiti karibu na kijiji cha Komolo huko Simanjiro mwaka 1967, mwaka ule ule tanzanaiti ilipotokeza Mererani. Migodi ya Tanzania ilipotaifishwa alihamia Kenya, akaikuta tena Taita, na husimuliwa kwamba huko alikaa katika nyumba aliyoijenga juu ya mti kwa kuwahofu simba, na mawe yake akayawekea chatu kuwa mlinzi. Mwaka 1974 duka la Tiffany la New York likaitangaza kwa jina litokanalo na Tsavo ya Kenya, nasi wa upande huu tuna haki ya kununa kidogo, maana Simanjiro ndiyo iliyotangulia. Bridges aliuawa huko huko Taita mwezi wa Agosti 2009, katika ugomvi wa machimbo.

Kuitambua tsavoraiti kwataka subira kuliko macho makali, kwa kuwa kijani ni rangi ya mawe mengi, na nyika hiyo hiyo ya Simanjiro hutoa tomalini iliyotiwa rangi na vanadi na kromi kama yenyewe. Kishike kito kwa kibano, ukitazame kwa lenzi ya sonara kupitia uso wake mkubwa mpaka uzione kingo zilizochongwa upande wa nyuma. Tomalini huugawa mwanga mara mbili, hivyo kila ukingo huonekana pacha, mistari miwili iliyokaribiana. Katika tsavoraiti mstari hubaki mmoja tu, ukigeuze kito utakavyo. Kioo nacho huonyesha mstari mmoja, lakini mara nyingi hufichuliwa na vipovu vya mviringo vilivyonaswa ndani yake. Ama zumaridi, uzito ndio shahidi wake: huzidi maji mara 2.7 hivi, na tsavoraiti mara 3.6, hata katika kimiminika kizito cha maabara kizidicho maji mara 3.3, zumaridi huelea na tsavoraiti huzama.

Nami nakipenda kito hiki kwa jambo lisilopimwa kwa mizani. Tanzanaiti, kwa umaarufu wake wote, aghalabu hutoka ardhini na rangi ya hudhurungi, ikapashwa moto ndipo ipate buluu yake. Zumaridi nyingi hutiwa mafuta ili nyufa zisitiriwe. Lakini tsavoraiti kwa desturi huchongwa na kung'arishwa, basi. Tabu yake ni udogo. Taita hupatikana katika mabonge ambayo wachimbaji huyafananisha na viazi, yenye ganda la nje, na ukiyapasua wakuta ndani yamejaa mipasuko, kiasi kwamba kipande safi cha kuzidi karati 2, wala hiyo haifiki nusu ya gramu, tayari ni adimu.

Kwa hiyo tufikirie jiwe la karati 283.74 lililochimbwa Mererani mwaka 2017. Mchongaji Victor Tuzlukov alilipunguza hadi karati 116.76, akakata nyuso 177, nalo likaitwa Simba wa Mererani. Tangu mwaka 2023 limo katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington, na safari hii jina la mahali halikukosewa.