Manibe: Nyumba ya Kiwandani au ya Matofali, Kibali ni Kilekile

Tangu tarehe 1 Julai 2020, Arua ya West Nile, Uganda, ilipoanza kuwa jiji, mkazi wa Manibe anayetaka kujenga hahesabiwi tena kuwa mtu wa kijijini. Manibe na jirani zake Oluko, Pajulu, Dadamu, Aroi na Adumi ziliingizwa ndani ya mipaka ya jiji, na ofisi ya mipango miji, ambayo zamani wengi waliipita bila kugeuka, sasa ndiyo kituo cha kwanza. Katika kipindi hichohicho watu wameanza kuulizia nyumba za kiwandani: konteina lililotobolewa madirisha, au nyumba ya paneli inayoletwa vipande vipande na kusimamishwa kwa siku chache. Anayeuza husema mambo mawili. La kwanza, kwamba ni nafuu. La pili, kwamba kwa kuwa nyumba hiyo huhamishika, haihitaji kibali.

La pili nalikataa moja kwa moja, kwa sababu ndilo linaloweza kumfilisi mtu. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya Uganda, ya mwaka 2013, inalihesabu jengo kuwa jengo liwe la muda au la kudumu, na haijali limetengenezwa kwa udongo, chuma au plastiki. Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 nayo ilitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, kwa hiyo hata kabla ya jiji hapakuwa na shamba lililo nje ya sheria. Kilichobadilika Manibe ni kwamba sasa kuna ofisa anayepita na kuuliza. Konteina lililowekwa juu ya magogo manne na kulaliwa na watu ni nyumba. Linahitaji kibali kabla halijashushwa kwenye lori, na linahitaji kibali kingine cha kulitumia kabla familia haijahamia.

Suala la bei ni gumu zaidi, na huwezi kulijibu kabla hujajua upepo utaifanya nini nyumba hiyo.

Kimbunga cha baharini hakifiki West Nile. Hulishwa na maji ya bahari yenye joto na husokotwa na mzunguko wa dunia, na karibu na ikweta msokoto huo ni dhaifu mno. Arua iko nyuzi 3 tu kaskazini mwa ikweta, tena mbali na bahari. Vimbunga ni habari za pwani: kile cha Aprili 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Zanzibar, kile cha Aprili 1952 kilichoipiga Lindi, na Hidaya kilichofika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024. Sisi tunapigwa na upepo wa radi. Wingu linajaa mchana, hewa inatulia, kisha upepo unaporomoka kutoka juu kwa kishindo pamoja na mvua ya mawe. Hudumu dakika chache, na ukipita unakuta mabati ya darasa yako shambani kwa watu. Mvua za kwanza baada ya kiangazi ndizo mbaya zaidi, maana mbao zimekauka na misumari imelegea.

Hesabu ya wahandisi ni fupi. Chukua kasi ya upepo kwa mita kila sekunde, izidishe kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 0.6. Upepo wa kilomita 108 kwa saa ni mita 30 kwa sekunde. Jibu ni nyutoni 540 kwa kila mita ya mraba, sawasawa na uzito wa kilo 55. Juu ya paa nguvu hiyo hunyonya kwenda juu. Paa la mita 30 za mraba, la nyumba ya vyumba viwili, huvutwa juu kwa zaidi ya tani moja na nusu, na kwenye pembe mvuto ni mkali zaidi. Mabati pamoja na kenchi zake hayafiki hata nusu tani. Kinacholizuia paa lisiondoke ni kile kilicholifunga chini, na hapo ndipo aina tatu za nyumba, yaani konteina, paneli na tofali la kufungamana, zinapoachana.

Konteina la futi 20 lina uzito wa tani mbili na zaidi kidogo likiwa tupu. Kwa upepo nilioutolea hesabu halinyanyuki, ingawa upepo ukilipiga ubavuni linakaribia kupinduka kama halikufungwa kwenye nguzo za zege. Mifupa yake ni imara kuliko karibu kila kitu utakachojenga. Lakini ndani unapata mita za mraba 14 tu, kwa hiyo nyumba ya karibu mita 30 ni makonteina mawili. Kila shimo unalokata kwa mlango au dirisha linapunguza nguvu, kwa sababu ubavu wa bati lenye mikunjo ndio unaobeba sehemu ya mzigo. Lazima uchomelee fremu ya chuma kuzunguka kila tundu. Joto la Januari na Februari ndani ya sanduku la chuma haliishiki bila paa la pili juu yake na tabaka la kuzuia joto kwenye kuta. Sakafu yake ya mbao kwa kawaida hutiwa dawa ya kuua wadudu kwa ajili ya safari za meli. Uliza ni dawa gani, na kama watoto watalala humo, ing'oe au uifunike kabisa.

Halafu kuna barabara. Kutoka Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 500, na makonteina mengi yameanza safari Mombasa. Lori refu linapanda na mzigo mmoja na huenda likarudi tupu. Anayelipa safari zote mbili ni wewe. Daraja la Karuma, lililo njiani, lilipofungwa kwa matengenezo mwishoni mwa 2024, magari ya West Nile yalizungushwa njia ndefu na bei za vitu zikafuata. Ongeza kreni ya kushusha, ambayo nayo hukodishwa kwa saa na haijali kwamba njia ya kuingia kiwanjani kwako ni nyembamba. Kabla ya kuuliza bei ya konteina, pima njia hiyo.

Nyumba ya paneli husafiri vizuri zaidi, maana kuta zake zote hulala bapa ndani ya lori moja. Paneli ni mabati mawili membamba yaliyobana povu katikati, kiasi cha kilo 10 kwa mita ya mraba. Joto inalizuia vizuri, na mafundi wawili wanaibeba bila shida. Wepesi huo ndio udhaifu wake. Uzito wa nyumba nzima ya mita 30 za mraba, kuta, paa na fremu, unaweza kuwa tani moja na nusu, karibu sawa na nguvu ya upepo unaoinyonya. Ikiwekwa juu ya udongo tu, siku moja itahama bila wewe. Inahitaji jamvi la zege lenye boliti zilizozikwa humo, na jamvi hilo halimo kwenye bei iliyotangazwa. Ninapolinganisha bei mimi huliongeza kwanza jamvi, kisha ndipo naamini tarakimu.

Wamarekani walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Agosti 1992 kimbunga Andrew kilisaga nyumba za kiwandani kusini mwa Florida, na mwaka 1994 serikali yao ikapandisha viwango na kuigawa nchi upya katika kanda za upepo. Kila nyumba ya aina hiyo hutoka kiwandani na karatasi iliyobandikwa ndani ikisema imetengenezwa kwa ajili ya kanda gani. Hapa mnunuzi lazima aidai karatasi ya namna hiyo mwenyewe. Mwambie muuzaji akupe kwa maandishi kasi ya upepo ambayo nyumba imehesabiwa kuihimili, idadi na unene wa boliti za kuifunga chini, na unene wa bati. Asiyeweza kuandika hayo anakuuzia kibanda. Uganda ina uzoefu mrefu wa vibanda: aliyepita karibu na kambi za polisi anazijua zile nyumba za duara za bati ziitwazo mama ingia pole, zilizokusudiwa kuwa za muda na zikawa makazi ya familia kwa miaka mingi, jua na baridi vyote ndani.

Chaguo la tatu halitoki kiwandani, lakini linashindana na hayo mawili kwa haraka na kwa unadhifu: tofali la kufungamana. Udongo wa kiwanja chenyewe, ukiwa na mchanga wa kutosha, huchanganywa na simenti kiasi cha asilimia 5 hadi 10 na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Halichomwi, kwa hiyo halili miti kama yanavyofanya matanuri ya matofali. Makambi ya wakimbizi na shule kadhaa za Uganda zimejengwa hivyo, na UN-Habitat ilichapisha kitabu kizima juu ya tofali hilo mwaka 2009.

Tufanye hesabu ya nyumba ya mita 6 kwa 5 yenye ukuta mmoja wa kugawa. Kuta zake, ukitoa milango na madirisha, ni kama mita za mraba 64. Kila mita inakula tofali 35 hivi. Jumla 2,240, weka 2,300 kwa ajili ya yatakayovunjika. Mfuko wa kilo 50 hutoa kati ya tofali 70 na 110 kulingana na udongo. Hiyo ni mifuko 21 hadi 33. Ukiuziwa mfuko kwa shilingi 35,000, simenti ya tofali zote ni kati ya shilingi 735,000 na 1,155,000. Bado kuna vibarua, mashine ya kukodi, msingi, linta na paa, lakini kila moja hulipwa kwa wakati wake, kadiri mavuno yanavyoingia, jambo ambalo muuzaji wa konteina hatakukubalia. Uzito nao unapatikana bure: kila tofali lina kilo 8 au zaidi, kwa hiyo kuta hizo ni tani 17 na ushei. Paa likifungwa kwa ukanda wa chuma uliozama ndani ya linta na kushuka ukutani, upepo utalazimika kuibeba nyumba nzima. Akiba usiitafute kwenye mabati. Geji 32 ni nyembamba kuliko 28, ingawa namba ni kubwa, na mvua ya mawe inaijua tofauti hiyo.

Gharama za kibali haziangalii umechagua ipi. Unahitaji uthibitisho wa ardhi, michoro, mhuri wa mhandisi aliyesajiliwa Uganda kwa kazi inayodai mhandisi, ada ya jiji kulingana na jengo, na ukaguzi wakati wa ujenzi. Mchoro wa kiwandani kutoka nje, hata uwe mzuri vipi, lazima upitiwe na mtaalamu wa hapa. Kwa nyumba ndogo mzigo huu ni sehemu kubwa ya bajeti, na ndiyo sababu nyumba "rahisi" huacha kuwa rahisi.

Karatasi inayochelewesha watu wengi ni ya ardhi. Sehemu kubwa ya Manibe ni ardhi ya ukoo. Katiba ya 1995 inaitambua milki ya kimila sawa na hati nyingine, na Sheria ya Ardhi ya 1998 iliweka cheti cha umiliki wa kimila, kinachoanzia kwenye kamati ya ardhi ya eneo. Anza huko, pamoja na wazee wa ukoo, majirani wa mpakani na mwenyekiti wa baraza la kijiji (LC1), kabla hujamlipa mchoraji hata shilingi. Aliyenunua kiwanja cha futi 50 kwa 100 kwa makubaliano ya karatasi ya daftari asishangae akirudishwa.

Kwa familia inayojenga pa kuishi kwenye ardhi yake, mimi ningechagua tofali la kufungamana bila kusita. Konteina lina mahali pake: duka kando ya barabara ya Koboko, au zahanati inayokodi kiwanja kwa miaka mitano na itataka kuondoka na mali yake. Paneli inamfaa anayehitaji vyumba kabla ya mvua zijazo na tayari ana jamvi. Kwa hizi mbili, peleka maombi ya kibali kwanza, kisha andikisha kwenye mkataba kwamba malipo ya awali yatarudishwa ombi likikataliwa, na kwamba fungu la mwisho litatolewa baada ya mkaguzi wa jiji kuziona boliti zikiwa zimekazwa kwenye zege.