Upinde ulivunjika mkononi mwa mjukuu wangu: somo kutoka karakana ya Mayfair

MAYFAIR, Johannesburg – Nimefika hapa na vipande viwili vya mti nilivyovifunga ndani ya taulo. Miezi michache nyuma vilikuwa upinde mmoja mzima, wa mjukuu wangu wa Muscat mwenye umri wa miaka 14. Siku ulipovunjika alikuwa ameuvuta mpaka ugwe umegusa shavu. Kibanzi kiliruka kikampasua juu ya nyusi. Kingeshuka upana wa kidole kimoja tu, kingeingia jichoni.

Upinde huo niliununua hapahapa Mayfair, kwa fundi mzaliwa wa Mombasa. Ameniomba nisimtaje jina, kwani kazi inayomlisha ni makabati ya jikoni. Pinde huchonga jioni, kwa mapenzi yake. Nilimwambia aniuzie ukiwa mtupu, haujapakwa kitu, ili bei ishuke. Vanishi ya kupuliza nitapuliza mwenyewe nyumbani, nikamwambia, ni kazi ya nusu saa. Alinitazama akasema, "Sawa, Mwalimu." Sasa ndiyo nimeifahamu ile sawa yake.

Kwa msomaji asiyepajua, Mayfair iko magharibi ya katikati ya jiji, ubavuni mwa Fordsburg. Nyumba nyingi ni za zamani, za mabati na baraza mbele. Ukipita 8th Avenue utakuta maduka ya Wasomali, harufu ya chai ya viungo na ubani, na ukitega sikio Kiswahili hukikosi. Karakana ya fundi wetu iko uani, nyuma ya mojawapo ya nyumba hizo.

Niliviweka vile vipande juu ya meza yake. Hakuuliza vimevunjikaje. Alipitisha kidole taratibu mgongoni mwa upinde, kisha akauliza:

"Mwalimu, huku ulipita na msasa namba ngapi?"

"Themanini."

Akanyamaza. Mimi nimesomesha miaka mingi, na kunyamaza kwa namna ile nakujua. Ndivyo nilivyokuwa nikimnyamazia mwanafunzi aliyekwisha kuliona kosa lake mwenyewe.

Vanishi si ya urembo

Siku hizi watoto wetu wengi wa Ghuba wanaupenda mchezo wa upinde, na wazee tunafurahi. Tunakumbuka kuwa Mtume (S.A.W.) aliifasiri ile "nguvu" iliyotajwa katika Suratul Anfal, aya ya 60, kuwa ni kurusha mishale. Lakini wengi tunaununua upinde kama tunavyonunua kiti, tukaangalia unavyong'aa.

Fundi ananifahamisha. Upinde ukivutwa, mgongo, yaani upande unaotazama mbele, hunyooshwa kwa nguvu. Tumbo, upande unaomtazama mvutaji, hubanwa. Na mti, hata uwe mkavu vipi, hunywa unyevu wa hewani na kuutoa tena. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 40, mti ulioizoea hubaki na maji asilimia 8 hivi ya uzito wake. Hewa ikifika asilimia 80, maji yale hupanda hadi asilimia 16. Mti uliolowa hulegea, ukazoea kupinda na kupoteza nguvu. Mti uliokauka kupita kiasi huvunjika kwa urahisi.

Sasa fikiria maisha ya upinde wa Muscat. Nje kuna joto la bahari, ndani kuna eyakondishani usiku kucha. Na huu ulichongwa Johannesburg, mji ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako kipupwe ni kikavu mpaka midomo inapasuka. Vanishi haizuii unyevu kabisa, ila huuchelewesha, mti usishtuliwe kila siku.

Wazee waliyajua haya. Zile pinde za kale za Waarabu na Waturuki, zilizounganishwa kwa mti, pembe, kano za mnyama na gundi, zilivikwa ngozi au gome la mti. Unyevu ukiingia, gundi huachia.

Nilivyoharibu

Nilinunua mkebe wa laka ya kupuliza, nikapanda darini jioni moja ya Agosti, hewa nzito, shati limenigandia mwilini. Nikapuliza koti moja nene ili nimalize kabla ya Magharibi. Haukupita muda, upinde ukawa mweupe kama uliomwagiwa maziwa.

Fundi anasema hilo ni jambo la kawaida. Laka inapokauka, dawa yake huruka haraka na kuupoza uso wa mti. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji hutua juu yake na kunaswa ndani. Hata hapa Johannesburg hutokea, mvua za radi za mchana zinapokaribia wakati wa kiangazi, na siku hizo yeye hapulizi.

"Dawa yake ni nini?" nikamuuliza.

"Kungoja, Mwalimu. Ungengoja siku kavu, au ungeuingiza chumba kikavu chenye dirisha wazi, ukapuliza ukungu mwembamba tu. Laka mpya huilainisha ile ya zamani, maji yakatoka. Mara nyingi weupe huondoka wenyewe."

Mimi sikungoja. Nilichukua msasa mkwaruzo nikaukwangua ule weupe mpaka mti ukaonekana, na mgongoni nikakata nyuzi za mti zinazokwenda moja kwa moja toka ncha hadi ncha. Nyuzi hizo ndizo zinazobeba mvuto wote. Zikikatwa, banzi huinuka hapo. Upinde ulistahimili wiki tatu.

Anavyopuliza yeye

Kwanza hapulizi upinde ambao haujamaliza kusawazishwa na kurushwa mishale mingi ya majaribio. Kisha huusugua kwa msasa laini, kufuata nyuzi, na kuufuta kwa spiriti. Baada ya hapo haugusi kwa mkono mtupu, kwa sababu mafuta ya vidole huifanya vanishi ijikunje na kuacha vishimo vya mviringo. Nta ya kung'arishia magari hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana alikataa kugawana chumba na jirani yake mpuliza rangi za magari.

Upinde huutundika kwa kamba ili auzungushe. Mkebe hukaa kiasi cha sentimita 25 mbali. Huanza kupuliza kabla ya kuufikia mti na huacha baada ya kuupita, mkono haukomi katikati. Makoti ni matano au sita, membamba, na katikati yake msasa wa 400, kwa mkono mwepesi. Koti nene hupasuka upinde unapopinda. Kwenye ncha huongeza, kwani hapo nyuzi zimekatwa na mti hunywa maji kwa kasi. Kisha hungoja wiki nzima kabla ya kutia ugwe.

Kifua cha fundi

Jambo moja hakulisema mpaka nilipomsikia akikohoa. Miaka ya nyuma alipuliza makabati kwa vanishi ngumu ya kuchanganya na kikaushio, amejifunika kitambaa puani. Vikaushio hivyo vingi vina isosayaneti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu, na akishaipata, hata kiasi kidogo humbana. Kitambaa au barakoa ya karatasi haizuii mvuke. Sasa ameiacha kabisa vanishi ile. Hata kwa mkebe wa kawaida huvaa barakoa yenye chujio la mvuke, milango wazi, na watoto hawakaribii.

Nikakumbuka kwamba jioni ile darini mjukuu wangu alikuwa kasimama kando yangu, ameshika taa.

Neno la mwisho kwa wanaosafiri: msijaribu kubeba mikebe hii kwenye ndege, si mkononi wala kwenye sanduku. Inashika moto na imekatazwa.

Fundi amekwisha kuchagua mti wa upinde mwingine. Utakuwa tayari, ameniambia, "hali ya hewa ikipenda." Safari hii sikumuomba apunguze bei.