Unaenda Lamu Likizo? Panga Pesa Kabla Hujapanda Basi

Kila likizo ya Desemba huwa tunapokea simu ya aina moja. Mteja kafika jeti ya Mokowe na watoto na mabegi. Nyumba ya Shela alishailipia yote wiki mbili nyuma, na sasa namba ya aliyepokea pesa haipatikani. Anatuuliza, "Mnaweza kunirudishia?" Mara nyingi pesa ilishatolewa kwa wakala siku ile ile ilipotumwa, na kwenye laini hakuna kilichobaki cha kurudisha.

Ndiyo maana tunaongea na wewe mapema, ukiwa bado Malindi, Watamu au Kilifi, na pesa bado iko kwako.

Nyumba: arbuni kidogo, salio mlangoni

Usilipe nyumba yote kabla hujaiona. Toa arbuni ndogo, kiasi ambacho hata kikipotea safari haitakufa, na salio ulilipe ukishafika. Kabla ya kutuma hiyo arbuni:

- Omba namba ya till yenye jina la biashara. Ukipewa namba ya mtu binafsi, uliza kwa nini.
- Soma jina linalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha. Kama si la uliyekuwa ukiongea naye, simama hapo hapo.
- Mwambie akupigie simu ya video akiwa ndani ya nyumba. Picha yoyote yaweza kuibwa mtandaoni.
- Tafuta mtu Amu. Huku kwetu barani si rahisi kukosa mwenye jamaa kule. Amwombe apite tu aangalie.

Na ukisikia "kuna mwingine anataka kulipa sasa hivi", basi hapo ndipo usikimbilie.

Siku ya kwenda inabadilisha hesabu

Mfungo sita, wakati wa Maulidi ya Riyadha, wageni hujaa mji mzima. Nyumba hupanda bei, na wakala anaweza kuishiwa na pesa taslimu. Ukienda wakati huo, lipia malazi mapema zaidi na utoe pesa kabla ya siku zenyewe. Kama wapenda boti, kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari huwa tulivu kuliko kipindi cha kusi.

Njiani

Malindi hadi Mokowe, kupitia Garsen na Witu, ni zaidi ya kilomita 200. Nauli ilipe ofisini, na ile meseji usiifute mpaka ufike. Beba kitambulisho, kwa sababu kuna vizuizi vya polisi, na simu uichaji usiku uliotangulia.

Tuseme umeweka shilingi 40,000. Usiziache zote kwenye simu moja. Kwanza tenga nauli ya kurudi, usiiguse. Halafu weka 5,000 kwenye simu ya mwenzako: ya kwako ikitumbukia majini pale jeti, hamjakwama. Beba pia pesa taslimu kidogo, kwani kuna sehemu mtandao hukatika.

Ukitoa pesa, toa kwa pamoja. Kutoa 1,000 mara tano kunakula ada nyingi kuliko kutoa 5,000 mara moja.

Ukishavuka

Mji mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na vichochoro vyake si vya matatu. Ni miguu, punda na boti. Kwa hivyo bajeti ya usafiri ni ya boti, na hapo ndipo wengi hukosea.

Kabla hujapanda, elewana na nahodha: bei ni ya kila mtu au ya boti nzima? Ni kwenda tu, au na kurudi? Ukienda magofu ya Takwa kule Manda, muulize pia saa za maji. Boti hupita kwenye mikoko maji yakijaa, yakitoka mtangoja. Lipa sehemu mwanzoni, nyingine mkirudi.

Ngome ya Lamu, iliyokamilika 1821 na ikawa jela hadi 1984, ni ya Makumbusho ya Taifa. Viingilio vyake siku hizi hulipwa kupitia eCitizen, kwa hivyo hakikisha una salio kwenye simu. Ukiendelea hadi Siyu au Pate, mambo ni kinyume: toa pesa taslimu ukiwa bado Lamu mjini, usitegemee kumkuta wakala mwenye pesa ya kutosha.

Mambo yakiharibika

Ukituma kwa namba siyo, omba kurudishiwa dakika hiyo hiyo, usingoje ufike nyumbani. Pesa ikiwa bado kwenye laini ya mpokeaji, tunaweza kuizuia tukiangalia. Ukitapeliwa, tupigie, kisha uandikishe ripoti polisi ukiwa na meseji ya muamala. Na mtu akikupigia kusema anatoka kwetu, anataka namba yako ya siri ili akusaidie, huyo ni mwizi wa pili. Sisi hatuiulizi kamwe.

Haya, nenda salama. Ukifika Mokowe na mwenye nyumba akapokea simu mlio wa kwanza, ujue ulipanga vizuri.