Wanasiasa Waliosimama Majini: Tashtiti ya Sanamu na Mabadiliko ya Tabianchi

Na Mwandishi Wetu

Picha moja ya sanamu ndogo za saruji imesambaa duniani kwa zaidi ya miaka kumi. Inaonesha wanaume wenye vipara, waliovaa suti, wakiwa wamesimama ndani ya maji kana kwamba wako kikaoni. Baadhi yao maji yamewafika shingoni, lakini hakuna anayejitahidi kutoka. Maelezo ya picha hiyo mara nyingi husema kuwa hao ni wanasiasa wanaojadili ongezeko la joto duniani.

Sanamu hizo zipo kweli. Zilitengenezwa na Isaac Cordal, msanii wa Hispania, naye akaziweka katika dimbwi la maji jijini Berlin, Ujerumani, mwaka 2011. Jina hilo la wanasiasa, hata hivyo, si lake. Kazi hiyo ni sehemu ya mfululizo alioupa jina Follow the Leaders, yaani Wafuate Viongozi, ambao shabaha yake ni pana kuliko tabianchi: unawakejeli watu wa ofisi na madaraka wanaoendelea na taratibu zao huku jamii ikididimia. Ni watazamaji wa mitandaoni walioibatiza upya, na jina lao likashika kuliko la mwenye kazi.

Ubatizo huo haukutokea bure. Tashtiti haihubiri; humwonesha mtu jambo analolijua, ila kwa kipimo kilichopotoshwa. Hapa wakubwa wamefanywa wadogo kiasi kwamba mpita njia hulazimika kuinama ili awaone. Maji yenyewe ni ya dimbwi tu, mtoto angeyavuka bila kulowana magoti. Kinachochekesha, na kuudhi, ni utulivu wa waliomo. Baadaye Cordal mwenyewe aliligeukia suala hilo waziwazi katika kazi aliyoiita Waiting for Climate Change, yaani Kungoja Mabadiliko ya Tabianchi.

Lakini kabla ya sanamu za Berlin, serikali moja ilikwisha kuingia majini kwa hiari yake. Tarehe 17 Oktoba, 2009, Rais wa Maldivi wakati huo, Mohamed Nasheed, aliongoza kikao cha baraza la mawaziri chini ya bahari. Mawaziri walivaa mavazi ya kuzamia, wakaketi mezani, wakawasiliana kwa ishara za mikono na kutia saini waraka wa kuzitaka nchi zipunguze gesi joto. Kwa taifa ambalo sehemu kubwa ya ardhi yake haifiki mita mbili juu ya usawa wa bahari, mzaha ule ulikuwa hoja ya kisera. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi linakadiria kuwa kati ya mwaka 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20.

Miezi miwili baadaye, mkutano wa tabianchi ulipofanyika Copenhagen, msanii wa Denmark Jens Galschiøt aliisimamisha katika maji ya bandari sanamu ya shaba aliyoitengeneza pamoja na Lars Calmar mwaka 2002. Mwanamke mnene, mwenye mizani ya haki mkononi, amebebwa mabegani na Mwafrika aliyekonda. Kejeli hii ni kali kuliko ya Cordal kwa sababu inauliza swali ambalo wale wenye suti hawaliulizi: nani anabeba mzigo? Ina kasoro pia. Mwafrika wake ni wa kubeba tu, hana neno, ilhali ndani ya ukumbi wawakilishi wa Afrika walisitisha kwa saa kadhaa ushiriki wao katika majadiliano, wakidai nchi tajiri ziendelee kubanwa na Itifaki ya Kyoto.

Katika mkutano huo nchi zilizoendelea ziliahidi kufikisha dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020 kuzisaidia nchi zinazoendelea. Fedha za aina hiyo ndizo hujenga vitu kama ukuta wa bahari kando ya Barabara ya Barack Obama jijini Dar es Salaam. Kwa hesabu za Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, kiwango hicho kilifikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022.