Mordecai Brown na mpira uliozama

Mordecai Brown alizaliwa mwaka 1876 katika jimbo la Indiana, Marekani. Akiwa mtoto shambani, mashine ya kukatia malisho ilimnyofoa karibu kidole chote cha shahada cha mkono wa kulia. Kabla vidonda havijapona akaanguka na kuvunja vidole vingine, na kile cha kati kikaunga kikiwa kimepinda. Ujanani alifanya kazi katika migodi ya makaa ya mawe, na jioni za kucheza besiboli hakuwa mrushaji bali mlinzi wa kituo cha tatu.

Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Kwa kawaida vidole viwili vya juu huuvuta mpira nyuma unapotoka mkononi; ukizunguka hivyo, hewa huubeba kidogo na kushuka kwake huchelewa. Brown aliweza kuusukuma kwa kile kigutu hadi ukazunguka kuelekea mbele. Mpira wa namna hiyo huitupa hewa juu, nayo hewa huukandamiza chini. Mpigaji huona mpira wa usawa wa kiuno, anazungusha gongo, kumbe umeshazama. Akiugusa, huambaa ardhini hadi mikononi mwa walinzi. Wengi husema ajali ndiyo iliyompa ufundi huo. Sikubaliani nao. Ajali ilimpa mkono mgumu kuutawala, na kulenga shabaha kwa mkono ule kulimdai mazoezi ya miaka. Ligi kuu aliifikia mwaka 1903, akiwa na umri wa miaka 26.

Mwaka uliofuata alihamia Chicago Cubs. Mrushaji hupimwa kwa wastani wa mikimbio anayoruhusu katika vipindi tisa, ukiacha ile iliyotokana na makosa ya walinzi. Mwaka 1906 wastani wa Brown ulikuwa 1.04. Ni kweli kwamba mipira ya enzi hizo ilichakaa uwanjani na haikuruka mbali, lakini wenzake walirusha mipira hiyohiyo.

Siku yake kubwa, kwangu mimi, ni tarehe 8 Oktoba 1908. Cubs na New York Giants walikuwa wamefungana kileleni, na mechi moja ingeamua bingwa wa ligi, mbele ya mashabiki wa New York waliojaa hasira. Mrushaji wa kwanza wa Cubs, Jack Pfiester, alilemewa katika kipindi cha kwanza. Brown akaingia, akamshinda Christy Mathewson, mrushaji aliyeogopwa kuliko wote, kwa 4–2. Cubs wakatwaa ubingwa wa ligi, kisha ule wa taifa, na huo wa taifa hawakuupata tena hadi mwaka 2016.

Brown na Mathewson walikutana mara ya mwisho Septemba 1916, mikono yote miwili ikiwa imechoka. Mathewson alishinda 10–8, na hakuna kati yao aliyerusha tena katika ligi kuu. Brown aliondoka na ushindi 239.