Mfumo Unaokula Bando

Katika kituo kimoja cha afya ng'ambo ya Mto Kilombero, ambacho jina lake nalihifadhi, foleni ya masjala ilikuwa ikifuata kalenda. Mwanzoni mwa mwezi wagonjwa waliandikishwa chapuchapu. Ikifika tarehe 25 hivi, kila mhudumu alipofungua jalada la mgonjwa kwenye kompyuta, kiduara kilizunguka na kuzunguka, na huko nje watu wakaanza kutafuta kivuli cha kukalia. Seva ilikuwa mpya, haijamaliza miezi mitatu tangu ifungwe. Ile ya zamani, iliyounguruma kama mashine ya kukoboa mpunga, haikuwa na tabia hiyo.

Wahudumu walikuwa na maelezo yao: mfumo mpya unakula bando. Bando la ruta likiisha, mfumo unalala, likinunuliwa, unaamka. Walishaliona hilo kwa macho yao miezi miwili mfululizo, na sasa walikuwa wakichanga kununua bando kubwa zaidi.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia mhudumu wa masjala.

"Marahaba, fundi. Umekuja kumtibu huyu mlafi?"

Nikamweleza, kwa ile jeuri ya mtu mwenye begi la vifaa, kwamba seva iko chumba cha pili, kwamba waya wa kutoka kwake hadi kule haufiki mita 20, na kwamba intaneti haihusiki hata kidogo. Hakubishana nami. Alisema tu kwamba bando limeisha jana saa nne asubuhi, na kwamba tangu saa nne hiyo kompyuta zimezubaa. Nusu saa baadaye ilibidi nirudi kumwomba radhi.

Lawama kidogo ni za lugha yetu. Neno mtandao tumelitwisha mizigo miwili. Ni intaneti, ile inayotufikia kutoka Dar es Salaam na ng'ambo ya bahari. Na ni zile nyaya na swichi zinazounganisha kompyuta ndani ya jengo moja. Mtu akilalamika kwamba mtandao unasumbua, hatujui anasema upi, na mara nyingi yeye mwenyewe hajui. Ndiyo maana watu huongeza bando kwa ugonjwa wa waya ulio darini, au hubadilisha ruta kwa ugonjwa wa seva. Hapa chini nikisema intaneti, ni ile ya nje. Nikisema mtandao, ni huu wa ndani.

Swali la kwanza kwa seva yoyote mpya inayolaumiwa ni hili: inachelewa kuanza, au inakwenda polepole? Waliosafiri kwenda Mahenge kabla ya daraja la Kilombero kufunguliwa mwaka 2018 wanaijua tofauti hiyo bila kufundishwa. Kutoka Ifakara mjini gari lingeweza kukimbia litakavyo. Likifika kivukoni, gari dogo jipya na lori la mchele yalingoja pantoni ileile. Injini kubwa isingekupunguzia hata dakika moja. Daraja lenyewe, lenye urefu wa mita 384, halikuongeza mwendo wa gari la mtu yeyote. Liliondoa kungoja.

Kwenye kompyuta, kungoja hujulikana hivi: unabofya, kimya, kisha kila kitu kinamwagika kwa mkupuo. Mwendo mbovu una sura nyingine: kazi inaanza mara moja, halafu inadondoka tone kwa tone, picha ya eksirei inashuka mstari baada ya mstari. Anayechanganya haya mawili atanunua vifaa ambavyo havitamsaidia.

Nilitoa simu, nikafungua saa ya kuhesabia sekunde, nikamwomba mama afungue jalada. Sekunde 10. Jingine, 10. Nikaenda kwenye kompyuta ya dirisha la dawa, nako 10. Hapo ndipo nilipoanza kuona haya. Barabara yenye msongamano haikupi namba ileile kila siku. Leo dakika tatu, kesho saba. Kungoja kunakojirudia kwa sekunde zilezile, kwenye kila mashine, ni dalili kwamba kuna programu iliyouliza swali, haikujibiwa, na imepangiwa muda wa kukata tamaa. Seva ile ilikuwa ya Linux. Linux ikitafuta jina, kwa mpangilio wake wa kawaida hungoja jibu sekunde 5, hurudia swali, hungoja nyingine 5, ndipo husema basi.

Jina la nani? DNS, iliyobuniwa mwaka 1983, ni daftari la kugeuza majina kuwa namba za anwani. Wengi wanajua kwamba kompyuta zao hulitumia kuitafuta seva. Wachache wanajua kwamba seva nayo hulisoma kinyumenyume: inapobishiwa hodi na namba 192.168.1.14, inataka kujua mwenye namba hiyo anaitwa nani. Hifadhidata ya MySQL, ambayo programu ya kituo kile iliitumia, hufanya hivyo inapofikiwa na kompyuta isiyoikumbuka, kwa kuwa ruhusa za watumiaji zinaweza kuandikwa kwa majina ya kompyuta. Ni mlinzi wa getini aliyeagizwa kupiga simu ofisini kuulizia kila mgeni. Simu ikipokewa na kuambiwa "huyo hatumjui, mpitishe tu," mgeni anapita. Simu ikiwa haina salio, mgeni anasimama juani huku mlinzi akibonyeza namba.

Aliyeifunga seva ile alikuwa ameielekeza iulizie majina kwenye 8.8.8.8, anwani ya Google ambayo mafundi tunaijua kwa moyo na kuiandika popote bila kufikiri. Bando likiwepo, swali linatoka hadi huko, jibu linarudi upesi kwamba namba hiyo ya ndani haijulikani, na mlango unafunguliwa. Bando likiisha, swali halifiki popote, na zile sekunde 10 zinaanza kuhesabika. Mama wa masjala aliona sawasawa, mimi ndiye niliyekuwa kipofu. Mfumo haukula bando, maana maswali hayo ni madogo mno. Ulilihitaji tu ili umfungulie mtu aliye chumba cha pili. Na kwa kuwa kununua bando kulileta nafuu kweli, hakuna aliyekuwa na sababu ya kutafuta zaidi.

Na ile seva ya zamani? Niliiomba, nikaiwasha juu ya meza, nikafungua faili lake linaloitwa hosts, ambalo Linux kwa kawaida hulisoma kabla ya kwenda kuuliza nje. Kulikuwa na mistari 11, namba na jina la kila kompyuta ya kituo, na juu yake neno moja: usifute. Fundi fulani wa miaka ya nyuma alikutana na tatizo hilihili, akalimaliza, akaondoka. Walipohama walihamisha majalada ya wagonjwa. Faili lile halikuwa jalada la mgonjwa.

Hayo ni ya kungoja. Mwendo mbovu unapimwa kwa njia nyingine: nakili faili la gigabaiti 1 kutoka seva hadi kompyuta na utazame saa. Kwenye njia ya gigabiti 1 kwa sekunde, tarajia sekunde kama 10. Ikichukua dakika moja na nusu, njia imeshuka hadi megabiti 100, hata kama seva na swichi vyote vimeandikwa gigabiti kwenye boksi. Waya wa mtandao una jozi nne za nyuzi. Megabiti 100 zinatosheka na jozi mbili. Gigabiti inadai zote nne. Uzi mmoja wa zile jozi mbili za ziada ukikatika, vifaa vingi hushuka daraja kimyakimya na kazi inaendelea. Bondeni kwetu mkataji mkuu ni panya. Penye ghala la mpunga hawakosekani darini. Tazama pia aina ya waya. Ule wa bei rahisi huwa ni aluminiamu iliyopakwa shaba, mwepesi mkononi, na ukiukwangua kwa kisu utaona weupe ndani. Wa shaba tupu una mwisho wa mita 100. Huo mwingine usiuamini hata nusu yake.

Faili likichukua dakika 20, huku programu ya ping ikionyesha kwamba ujumbe mdogo unakwenda na kurudi chini ya milisekunde moja, shuku ncha mbili zisizoelewana. Ncha moja imelazimishwa kwa mkono kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja. Nyingine imeachwa ijichagulie, na kwa kukosa wa kupatana naye inachagua kusema kwa zamu. Ujumbe mdogo unapita katikati ya mabishano. Faili kubwa linagongana na kurudiwa kutumwa. Nenda Kidatu ukaone mfano wake. Reli ya kutoka Kilosa ina upana wa milimita 1,000, ya TAZARA 1,067. Kila moja ukiikagua peke yake ni nzima, lakini kwa milimita 67 hizo mzigo unashushwa behewa moja na kupakiwa lingine. Kwenye swichi tiba ni nyepesi kuliko kwenye reli: ziache ncha zote mbili zipatane zenyewe, au zipange zote mbili sawa.

Kama seva yenyewe iko Dar es Salaam, umbali una neno lake, ila si kubwa kama wengi wanavyodhani. Mwanga ndani ya kebo ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde chache. Njia ikiwa ni ya setilaiti, hiyo ni hadithi nyingine: setilaiti iliyotulia angani juu ya ikweta iko kilomita 35,786 kutoka ardhini. Swali na jibu lake hupanda na kushuka humo kwa karibu nusu sekunde. Programu inayouliza maswali 40 ili kufungua ukurasa mmoja, moja baada ya jingine, itakuweka sekunde 20, hata ukipewa bando la nchi nzima.

Turudi ng'ambo ya mto. MySQL ina mpangilio wa skip-name-resolve unaoizuia kuulizia majina kabisa, lakini ukiuwasha mahali ambapo ruhusa zimeandikwa kwa majina, unawafungia watu nje. Pale baadhi zilikuwa zimeandikwa hivyo. Nikachukua njia ya yule fundi wa zamani: nikanakili mistari yake 11, nikaongeza kompyuta 3 zilizonunuliwa baada yake, na lile neno lake nikaliacha palepale juu.

Bando lilikuwa bado halijanunuliwa, jambo lililonifaa sana.

"Haya mama, jaribu."

Jalada lilifunguka kabla hajaondoa mkono kwenye kipanya. Akafungua la pili na la tatu huku akihesabu kwa sauti, na mara zote hakufika mbili. Kisha akanigeukia na kuniuliza kama lile bando la mwezi uliopita linaweza kurudishwa.