Kijana wako anataka Altezza? Ijue injini na difu kabla ya kutoa pesa

Kijana akipata mshahara wa kwanza, au mzazi akimwahidi gari baada ya kumaliza chuo, majina yanayotajwa nyumbani ni yaleyale: Altezza, Mark II, Chaser, Subaru Impreza. Ni magari ya Kijapani ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Yana milango minne kama gari lolote la familia, lakini yalitengenezwa kwa ajili ya mtu anayependa mwendo.

Gari likishafika, maneno mapya huanza kusikika mezani. "Baba, nataka kulityuni." "Mama, nikibadilisha difu litachomoka."

Wazazi wengi hapo huchukua njia mbili. Wapo wanaokataa bila maelezo, na kijana anakwenda gereji kimyakimya. Wapo wanaotoa pesa ili kelele ziishe. Ipo njia ya tatu, nayo ni kuelewa kinachozungumzwa. Huhitaji kuwa fundi ili uulize maswali ya maana.

Jina moja, injini mbili

Tuchukue Altezza, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1998. Ndani ya umbo lilelile kuna injini mbili tofauti, zote za lita 2. AS200 ina injini ya 1G-FE ya silinda sita, yenye nguvu ya farasi 160. RS200 ina injini ya 3S-GE ya silinda nne, na ile ya giaboksi ya mkono hutoa nguvu ya farasi 210.

Kwa hiyo wingi wa silinda si wingi wa nguvu. Jambo la pili ni muhimu zaidi: hizo farasi 210 hupatikana injini ikizunguka mara 7,600 kwa dakika. Kwenye foleni ya mjini, mshale ukiwa kwenye 2,000 au 2,500, farasi wengi bado wamelala. Ndiyo maana kijana aliyesifiwa gari hilo analalamika baada ya wiki moja kwamba ni zito. Hapo ndipo anaposhauriwa atyuni injini au abadilishe difu.

Tyuni inafanya nini?

Kutyuni ni kubadilisha maagizo ya kontrolo boksi, yaani kompyuta inayoamua petroli kiasi gani iingie na plagi ichome wakati gani. Kwenye injini yenye tabo, fundi huweza pia kuongeza msukumo wa hewa, na hapo nguvu hupanda kweli. Kwenye injini isiyo na tabo, kama za Altezza, nyongeza huwa ndogo. Ekzosi kubwa peke yake mara nyingi huongeza kelele tu, na majirani ndio wanaoisikia.

Hatari yake iko kwenye petroli na umri. Injini kama 3S-GE ya RS200 na zile za tabo za Subaru zilipangwa kutumia petroli ya daraja la juu ya Japani, yenye oktani isiyopungua 96. Fundi akiwahisha uchomaji au kuongeza msukumo wa tabo wakati petroli haifikii kiwango hicho, mchanganyiko hulipuka vibaya na injini huanza kugonga. Kugonga huko kukiendelea, pistoni huvunjika au kuyeyuka, na pesa ya tyuni inageuka pesa ya injini nyingine.

Tena gari la mwaka 1999 halijabaki na farasi wake wote. Plagi zimechoka, nozeli zimeziba, huenda hata mgandamizo wa silinda umeshuka. Fundi mwaminifu atapima mgandamizo kwanza, abadilishe plagi na filta, asafishe nozeli. Mara nyingi kijana akilirudishia gari nguvu zake za awali, hamu ya tyuni hupungua yenyewe.

Difu haiongezi nguvu

Difu ni lile boksi la gia linalopokea nguvu kutoka kwenye propela na kuigawa kwa magurudumu. Namba yake, mfano 4.1, inamaanisha propela inazunguka mara 4.1 ili gurudumu lizunguke mara moja.

Fikiria bodaboda. Akiweka sproketi kubwa nyuma, itapanda mlima na mzigo bila shida, lakini kwenye barabara tambarare injini italia na mwendo hautazidi sana. Difu ni hivyohivyo. Namba kubwa hufanya gari lichomoke haraka kutoka kwenye taa, lakini linalipa kwa mizunguko mingi na petroli.

Tupige hesabu kwa tairi ya 205/55 R16. Gari likiwa kilomita 100 kwa saa, gurudumu huzunguka kama mara 840 kwa dakika. Kwenye gia ambayo giaboksi haipunguzi wala haiongezi mizunguko, difu ya 3.7 itataka injini izunguke kama mara 3,100. Difu ya 4.1 itataka kama 3,440. Hiyo ni asilimia 11 zaidi, dakika kwa dakika, kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Farasi ni walewale. Kilichobadilika ni namna wanavyotumika.

Mshale unaodanganya

Hili wazazi walishike. Magari mengi ya zamani husoma mwendo kutoka kwenye giaboksi, kabla ya difu. Ukibadilisha difu bila kurekebisha kipimo, mshale wa dashibodi unasema uongo.

Aliyetoa difu ya 4.1 na kuweka ya 3.7 ili apunguze petroli, akiona 100 kwenye dashibodi, kwa kweli yuko kwenye 111. Akidhani anapita shuleni kwa 50, amezidi 55. Uongo huo unaweza kumgharimu mtoto anayevuka barabara.

Difu za kuogopa

Kuna difu iliyochomelewa, ambayo vijana huipenda kwa ajili ya kuteleza. Magurudumu mawili ya nyuma hulazimika kuzunguka sawa hata kwenye kona, wakati la nje linapaswa kwenda mbali zaidi. Barabara ikiwa na maji, nyuma huondoka bila taarifa. Kabla ya kununua, mwambie fundi anyanyue magurudumu yote mawili ya nyuma, aweke gia huru na azungushe moja kwa mkono. La pili likizunguka upande uleule, atafute sababu kabla hamjalipa. Inaweza kuwa difu ya kubana ya kiwandani, inaweza kuwa imechomelewa.

Kwa Subaru inayovuta magurudumu manne, difu ya mbele na ya nyuma lazima zioane. Ukiweka nyuma difu ya gari jingine yenye namba tofauti, mbele na nyuma zinavutana kila mita ya barabara, na sehemu ya katikati ya giaboksi huungua. Tairi nne nazo ziwe saizi moja.

Pesa ianzie wapi?

Mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka 50 hadi 100, nguvu ambayo breki inapaswa kuimeza huongezeka mara nne. Na breki hizo zina zaidi ya miaka 20. Kwa hiyo mpangilio wa matumizi uwe huu: breki na mipira yake, tairi, shokapu na bushi, kisha afya ya injini. Tyuni na difu zije mwisho, kama pesa imebaki.

Kisha mwulize kijana wako maswali manne. Fundi amepima mgandamizo? Tyuni imepangwa kwa petroli ya hapa? Baada ya difu, nani atarekebisha kipimo cha mwendo? Na je, kampuni ya bima imeambiwa? Gari lililobadilishwa bila bima kujua linaweza kukataliwa fidia siku ya ajali.

Akiwa na majibu, mmepata la kuzungumza kama watu wazima wawili. Akikosa, mwambie twende wote kwa fundi Jumamosi, mkaulize pamoja kabla pesa haijatoka.